Kuwalea Jack Russell na Shih Tzu Nyumba Moja

Mbwa aina ya Jack Russell alizalishwa Uingereza katika karne ya 19 kwa ajili ya kuwinda mbweha, ilhali mbwa aina ya Shih Tzu alikuzwa awe mwandani wa watu ndani ya nyumba. Kwa hiyo usiwalazimishe kufanana tabia. Mkimbize yule mchangamfu asubuhi, na mwenzake umtembeze polepole kabla jua halijawa kali, kwa kuwa pua yake fupi humfanya atwete upesi. Kila mmoja ale kwenye bakuli lake, pembe yake.

Mpole akigeuza kichwa, akajilamba midomo au akajibanza chini ya kiti, anaomba nafasi: mwite mchokozi, mpe mpira autafute. Yule mpole akinguruma, tafadhali usimkemee, kwani hilo ndilo onyo analotoa kabla ya kuuma.