Kuhesabu Masafa na Muda wa Safari ya Ndege kutoka Unguja hadi London

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia dada yangu kufuatilia safari ya mwanawe, aliyeondoka Unguja mwezi wa Desemba kwenda kusoma London.

Hatua ya 1: Pima masafa. Tumia tufe la dunia na uzi. Ramani ya ukutani iache, kwa kuwa huitandaza dunia iliyo mviringo na kuipotosha njia. Kaza uzi baina ya miji miwili, kisha ulaze juu ya mstari wa Ikweta uhesabu digrii. Utapata kama 67, na kila digrii ni kilomita 111, yaani takriban kilomita 7,440.

Hatua ya 2: Fuata tiketi. Mpwa wangu alipitia Doha, mji mkuu wa Qatar. Vipande viwili, kilomita 3,750 kutoka Unguja hadi Doha na 5,240 kutoka Doha hadi London, vinafanya 8,990.

Hatua ya 3: Sawazisha saa. Hapa ndipo nilipokosea, kwa hivyo nakuomba usome taratibu. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mji husika: ya kuondoka ni ya Unguja, ya kufika ni ya London. Tiketi ilionesha kuondoka 17:00 na kufika 06:30 siku ya pili. Mimi niliharakia kuzigeuza kuwa saa 11 jioni na saa 12 na nusu asubuhi, nikamwambia dada kwamba safari ni ya muda wa saa 13 na nusu. Alfajiri ile alikaa na simu mkononi, na kwa muda wa saa 3 nyumba nzima ilikuwa na hofu, hali ndege ilikuwa bado angani.

Unguja iko mbele ya London kwa saa 3 wakati wa baridi. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirejesha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na katika kipindi hicho tofauti hubaki saa 2. Sisi hatubadilishi, kwa hivyo angalia tarehe ya safari, si tarehe ya kununua tiketi. Kwa Desemba, 06:30 ya London ni 09:30 ya Unguja. Kwa kuwa ni siku ya pili, ongeza 24 upate 33:30, kisha toa 17:00: zinabaki saa 16 na nusu. Hapo tena ndipo ugeuze kwa Kiswahili na umwambie mama mtu kwamba mwanawe atafika saa 3 na nusu asubuhi kwa saa zetu. Usigeuze kabla ya kumaliza kutoa.

Hatua ya 4: Tenga muda wa angani. Gawa kilomita za kila kipande kwa 800, yaani mwendo wa ndege kwa saa moja, uongeze nusu saa ya kupaa na kutua kwa kila kipande. Hapa utapata kama saa 12 na robo. Zilizobaki, zaidi ya saa 4, ni za kusubiri Doha.