Jinsi ya Kuliomba Bunge la Kenya Libadilishe Sheria

Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria. "Mtu" ni pamoja na kampuni, chama au kikundi, hata kisichosajiliwa, kwa hiyo wavuvi au wanabodaboda wanaweza kuomba kwa jina la kikundi chao.

Hakuna idadi ya chini ya saini. Saini 1,000,000 za wapiga kura zinadaiwa na Ibara ya 257, inayohusu kurekebisha Katiba yenyewe. Anayechanganya haya mawili hupoteza miezi akizunguka na karatasi badala ya kunoa hoja.

Kwanza jua mlango wa kubisha. Sheria za kodi za kitaifa ni za Bunge la Taifa. Soko, zahanati au ada ya maegesho ni mambo ya bunge la kaunti yako. Sheria ya kitaifa inayogusa kaunti unaweza kuipeleka Seneti.

Andika kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa chapa, kwa lugha ya heshima, pasipo kufutafuta wala kuchomeka maneno. Karatasi zikizidi moja, mada ya ombi ionekane kwenye kila karatasi. Eleza ni ofisi gani ulizoziendea kabla ya kufika Bungeni na zilijibu nini. Kama hazikujibu, sema hivyo. Eleza pia kama suala liko mahakamani. Usifiche kesi, maana ikigunduliwa baadaye ombi litakwama.

Sehemu inayoua maombi mengi ni ile ya mwisho, unapotaja unachotaka. "Tunaomba serikali ituangalie" haiipi kamati kazi ya kufanya. Taja sheria, mwaka wake, kifungu, maneno yanayokuumiza na maneno unayotaka yawekwe.

Kila mwombaji aandike jina, anwani na nambari ya kitambulisho, kisha atie saini au alama ya kidole gumba kwenye ombi lenyewe. Saini zilizokatwa kwingine na kubandikwa hazikubaliki. Usiambatishe barua wala hati za kiapo. Ushahidi huo uweke tayari kwa ajili ya kamati.

Peleka ombi kwa Karani wa Bunge la Taifa au wa Seneti, Majengo ya Bunge, Nairobi, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Karani ana siku 7 za kulikagua, na anaweza kukuelekeza urekebishe kasoro. Njia nyingine ni kumpitia mbunge au seneta, ambaye lazima naye atie saini. Sisi tunapendelea njia hii: hata kamati ikikukubalia, ombi halijawa sheria, na mswada huwasilishwa na mbunge au kamati tu. Ni heri uwe na mtu ndani tangu mwanzo.

Spika, au mbunge uliyempitia, akishaliwasilisha, ombi huenda kwa kamati. Katika Seneti kamati hutakiwa kujibu ndani ya siku 60. Ukiitwa, fika na nakala za kutosha za maneno ya marekebisho unayopendekeza, moja kwa kila mjumbe.