Huna pesa ya wakili? Namna ya kuomba korti ikupatie mmoja

Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Kazi yangu ni kukaa na jamaa za washtakiwa kwenye mabenchi ya korti ya Shanzu, Mombasa, na kuzungumza na mahabusu wa gereza la Shimo la Tewa. Nayaandika haya kwa sababu wengi hunijia kesi imeshafika katikati, mashahidi watatu wamekwishatoa ushahidi, na mshtakiwa hakumuuliza hata mmoja swali la maana.

Kituo cha polisi ndipo pa kuanzia. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili au mtu mwingine wa kumsaidia, na haki ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia wikendi, ni siku ya korti inayofuata. Mama, ukifika kituoni usiridhike na kumwona mwanao tu. Uliza nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kosa analoshukiwa, na korti atakayopelekwa, kisha uandike. Mwambie asitie sahihi maelezo yoyote ya kukiri kabla hajaongea na mtu anayeijua sheria.

Siku ya kusomewa mashtaka ndiyo nzito zaidi. Mambo huenda mbio: jina linaitwa, karani anasoma, mshtakiwa anaulizwa kama ni kweli au si kweli. Nimeona watu wakijibu "ni kweli" kwa sababu mwenzao wa seli amewaambia watapigwa faini waende nyumbani. Kabla ya kujibu chochote, sema hivi, kwa sauti:

"Mheshimiwa, nashtakiwa kosa zito na sina uwezo wa kulipa wakili. Chini ya Kifungu cha 50(2)(h), naomba nipewe wakili kwa gharama ya serikali. Naomba ombi langu liandikwe."

Hayo maneno ya mwisho usiyaache. Jaji wa rufaa husoma kilichoandikwa na hakimu. Yaliyosemwa yasiandikwe hatayaona. Kama Kiswahili au Kiingereza hukielewi vizuri, omba mkalimani. Huyo hulipii.

Sasa, nani hupewa? Kwa shtaka la mauaji, Mahakama Kuu humpangia mshtakiwa asiye na uwezo wakili wa kumtetea. Uchungu wangu uko kwingine. Wizi wa mabavu adhabu yake ni kifo, na unajisi wa mtoto mdogo unaweza kukufunga maisha, lakini kesi hizi husikilizwa na mahakimu, na huko wakili haji mwenyewe. Katiba inasema utapewa iwapo bila wakili kutatokea dhuluma kubwa. Mwaka 2017, katika kesi ya Republic v Karisa Chengo, iliyotoka huku kwetu Pwani, Mahakama ya Juu ilitaja mambo ya kupimwa: uzito wa kosa, ukali wa adhabu, uwezo wa mshtakiwa kulipa, kama ni mtoto, kama amesoma, na ugumu wa mashtaka yenyewe.

Kwa hiyo kusema "mimi ni maskini" hakutoshi. Kijana mmoja wa bodaboda alisema hivyo tu na ombi lake halikufika popote. Tulikaa naye, tukapitia yale mambo moja moja, na tarehe iliyofuata akamweleza hakimu kwamba aliishia darasa la nne, kwamba taarifa za mashahidi zimeandikwa kwa Kiingereza, na kwamba kuna gwaride la utambulisho, pale shahidi anapomchagua mshukiwa kati ya watu waliopangwa mstari, asilojua alihoji vipi. Hakimu aliandika yote, akaagiza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ijulishwe.

Huduma hiyo iliundwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Ombi hujazwa kwenye fomu. Aliye rumande amwambie afisa msimamizi, jamaa waende ofisini. Beba nakala ya hati ya mashtaka na kitambulisho. Mimi huongeza barua ya chifu inayoeleza hali ya nyumbani. Mombasa pia kuna mashirika ya haki za binadamu, Kituo cha Sheria na MUHURI, nayo hupokea watu.

Jambo moja uliweke akilini: sheria hiyo hiyo inasema kukosa wakili hakuzuii kesi kuendelea. Usikae ukisubiri. Omba nakala za taarifa za mashahidi, ni haki yako kuziona mapema, na uombe muda wa kutosha kuzisoma.

Akishapatikana wakili, mwamini. Nasikia sana, "analipwa na serikali, atanifunga." Anayelipa ni serikali, lakini mteja ni wewe, na siri zako ni zake kuzitunza. Mweleze ukweli wote, hata ule unaokuumiza, na jamaa wampelekee majina ya mashahidi wenu mapema. Hatakiwi kukulipisha chochote. Na wale wanaowavizia watu getini wakijiita mawakili, msiwape hata shilingi kabla ya kutafuta jina lao kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya.

Hakimu akikataa, omba sababu ziandikwe, na uombe tena hali ikibadilika, kwa mfano mashtaka yakirekebishwa na kuwa mazito zaidi. Ukifungwa, una siku 14 tangu hukumu kukata rufaa Mahakama Kuu. Waambie maafisa wa gereza siku ile ile unayofika kwamba unataka kukata rufaa, na jamaa waombe nakala ya mwenendo wa kesi kwenye masjala ya korti.