Namna ya kuosha gobore baada ya kupiga baruti nyeusi

Ukipiga gobore jioni Mufindi, ukalisimamisha kwenye kona na kwenda kulala, asubuhi mdomo wa mtutu umeshaanza kuota kutu. Ukungu wa huku Nyanda za Juu Kusini hausubiri mtu. Magobore mengi yanayofika mezani kwangu hayakuharibiwa na uzee wala kazi ya kufukuza nguruwe pori kwenye mahindi. Yameharibiwa na oili iliyopakwa juu ya masizi ambayo hayakuoshwa. Mwenyewe anakuja akiamini amelitunza, kwa sababu kila akipiga analipaka mafuta, halafu nikipitisha kitambaa ndani kinatoka na unga wa kahawia. Inaniuma, kwa sababu gobore la halali ni mali ya ukoo, baba humwachia mwana baada ya taratibu za kibali, na mtutu ukishaliwa ndani haurudi.

Naandika kwa mwenye leseni. Kama silaha uliyo nayo haina kibali, ipeleke polisi, usiendelee kusoma. Na kama mtutu wake umetengenezwa kwa bomba la maji, usilipige kabisa hata kama limekaa miaka mingi bila tatizo. Bomba la maji halikufuliwa kuhimili baruti.

Kwanza uelewe kwa nini tunatumia maji

Baruti nyeusi ni shura (chumvi ya nitrati ya potasi) kama sehemu 75 katika 100, makaa 15 na salfa 10. Ikiwaka, chini ya nusu ya uzito wake ndiyo inayogeuka kuwa gesi. Iliyobaki ni chumvichumvi za potasi: nyingine hutoka na ule moshi mweupe, nyingine hunata ndani ya mtutu. Mojawapo ni kabonati ya potasi, ile ile iliyomo kwenye maji ya majivu ambayo bibi zetu walichuja kulainishia mboga na maharage. Kitu hiki hunyonya unyevu hewani. Kiweke kwenye chuma usiku wa Njombe, kitavuta maji chenyewe bila tone la mvua kuanguka.

Hizo chumvi huyeyuka kwenye maji. Kwenye oili haziyeyuki. Ukipaka oili juu yake umezifunika pamoja na unyevu wake, na kutu inakula taratibu chini ya mng'aro unaoufurahia. Fataki nazo, vile vikofia vidogo vinavyogongwa na nyundo kuwasha baruti, hasa za aina ya zamani zenye klorati ya potasi, huacha kloridi ya potasi, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani, na yenyewe hukaa hasa kwenye kifa (kile kichuchu chenye tundu kinachovikwa fataki) na kuzunguka nyundo.

Sharti hili haliko kwa gobore peke yake. Bunduki za Mauser za mfano wa 1871, walizobeba askari wa Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na ambazo Wahehe wa Mtwa Mkwawa waliziteka baada ya Zelewski, kamanda wa Wajerumani hao, kuuawa, zilikuwa na risasi za ganda, lakini ndani ya ganda ilikuwa baruti nyeusi. Masizi yake ni haya haya.

Vitu vya kuandaa

Ndoo, maji ya moto lita tano hivi, kipande kidogo cha sabuni ya mche, mdeki (fimbo ya kushindilia), spana ya kufungulia kifa, mswaki uliochakaa, sindano, na fulana ya pamba iliyokwisha kazi, ikatwe vipande vya mraba. Pamba tupu, nailoni hainywi maji. Mafuta nitayaeleza mahali pake.

Hatua ya 1: hakikisha ni tupu

Ondoa fataki kwenye kifa kama ipo. Elekeza mdomo pembeni, mbali na watu na mbali na uso wako, kisha teremsha mdeki hadi ugote. Weka alama kwenye mdeki usawa wa mdomo wa mtutu, uutoe, uulaze nje sambamba na mtutu, alama ikiwa usawa wa mdomo. Ncha yake ifike karibu kabisa na kifa. Ikiishia kabla ya kifa kwa upana wa vidole viwili au vitatu, kuna kitu ndani. Hapo acha. Usichokonoe kwa msumari wala waya. Mwite fundi mwenye leseni alitoe shindilio, yaani baruti na risasi zilizoshindiliwa humo.

Ukishajua ni tupu, chonga alama ya kudumu kwenye mdeki. Siku zote utajua kwa kuangalia mara moja.

Hatua ya 2: baruti ikae mbali na jiko

Unakwenda kuchemsha maji, maana yake kuna moto. Pembe ya baruti, kopo la fataki na mfuko wa marisawa (vipira vidogo vya risasi) vibaki chumba kingine, vimefungiwa, kabla hujawasha mkaa. Baruti nyeusi huwaka kwa cheche moja. Watoto nao wasiwe karibu.

Hatua ya 3: tenganisha kinachotenganishika

Kama mtutu unashikwa na kabari au pini, utoe kwenye kitako. Mbao ikinywa maji huvimba na kupasuka, na maji yaliyojificha kati ya mbao na chuma hutengeneza kutu usiyoiona. Kama gobore lako limefungwa kwa pete zilizopigwa na mafundi wa zamani, usilazimishe. Zungushia kitambaa kikavu kwenye mtambo wa kufyatulia na sehemu ya mbele ya kitako, kisha fanya kazi ukiwa umeinamisha mdomo chini ili maji yatoke huko huko.

Fungua kifa kwa spana yake. Koleo litakula kona, na siku nyingine hakitafunguka. Kitumbukize kwenye kikombe cha maji ya moto.

Hatua ya 4: kuosha

Hapa ndipo kazi yote ilipo, usiharakishe.

Maji yawe ya moto kiasi cha kidole kushindwa kukaa ndani. Wapo wanaosisitiza maji yanayotokota. Mimi sipendi. Njombe mjini maji hutokota kwenye nyuzi 93 hivi kwa sababu ya mwinuko, na hata hayo yanatosha kuupasha mtutu hadi ukauke wenyewe kabla hujafikisha kitambaa, na papo hapo ndani panajitokeza utando wa rangi ya machungwa. Hiyo tayari ni kutu changa. Maji ya moto wa wastani yanakupa nafasi ya kukausha kwa mkono wako.

Simamisha mtutu kwenye ndoo, upande wa kifa ukiwa chini ndani ya maji yenye sabuni kidogo. Shika juu kwa kitambaa maana chuma kitapata moto. Funga kipande cha fulana kilicholowa kwenye ncha ya mdeki, kibane vizuri, ushushe na kupandisha. Ukipandisha, maji hufyonzwa kupitia tundu la kifa. Ukishusha, yanatoka kwa nguvu kama pampu ya baiskeli. Mara ya kwanza yatatoka meusi tititi, na utasikia harufu ya yai viza. Hiyo ni salfa inaachia, furahi ukiisikia. Badilisha kitambaa, endelea. Weusi unageuka kijivu, kijivu kinafifia. Mwaga maji hayo mbali na kisima na mahali ng'ombe wanakonywea, weka mengine safi yasiyo na sabuni, rudia hadi maji yanayotoka yafanane na yanayoingia na harufu iishe kabisa. Pua hapa ni kipimo kizuri kuliko macho: kitambaa kinaweza kutoka cheupe wakati kwenye kitako cha mtutu, nyuma kabisa, bado kuna ukoko.

Huo ukoko wa nyuma unahitaji kukwanguliwa kwa mswaki wa shaba wa bunduki kama unao. Sitaki uone mtu anatumia msasa humo ndani.

Kifa kisugue kwa mswaki, pitisha sindano kwenye tundu, kipulize. Kikiwa na ufa, au tundu limepanuka, nunua kingine. Nyundo na sehemu zinazoizunguka zifute kwa kitambaa chenye maji ya moto, kisha kikavu. Usimwage maji ndani ya mtambo.

Hatua ya 5: kukausha

Vitambaa vikavu, kimoja baada ya kingine, mtutu ukiwa bado na joto. Cha mwisho kitoke kikavu kabisa. Usiuanike juu ya jiko la kuni: moshi nao una masizi yake.

Hatua ya 6: mafuta

Paka wakati chuma bado kina vuguvugu, kwa kitambaa kilichopakwa kidogo, ndani na nje, na usisahau uzi wa kifa ili kisigande.

Mafuta gani? Kwa gobore linalopigwa mara kwa mara napendelea shahamu ya ng'ombe au ya mbuzi, isiyotiwa chumvi, iliyoyeyushwa na kuchanganywa na nta ya nyuki kidogo. Nta nzuri tunayo Iringa, hakuna sababu ya kutafuta mbali. Yeyusha kwa kuweka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Mafuta ya nazi nayo yanafaa. Mwezi Juni na Julai utayakuta yameganda kwenye chupa kwa baridi, yapashe tu. Alizeti, pamoja na kwamba imejaa kila duka huku kwetu, iache jikoni: ikikaa hewani inageuka gundi.

Oili ya injini na grisi vikikutana na baruti nyeusi hufanya tope zito mfano wa lami. Kama unalihifadhi gobore masika yote bila kulipiga, mafuta mepesi ya bunduki yanaruhusiwa, ila lazima uyafute yote kabla ya kulishindilia tena.

Hatua ya 7: kesho yake

Wengi huishia jana. Wewe kesho pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka safi, paka tena kidogo na ulihifadhi. Kikitoka na kahawia, rudi hatua ya 4 siku hiyo hiyo. Tukuyu, ambako mvua karibu hazikatiki, ningeangalia tena kila wiki.

Hifadhi kwenye kabati lenye kufuli, mdomo ukiinama chini ili mafuta yasichuruzike kwenye mbao na mtambo. Usiweke kwenye ala ya ngozi, hunyonya unyevu na kuukalisha kwenye chuma. Usizibe mdomo kwa kitambaa. Nacho hushika unyevu, na kuna siku mtu atakisahau humo akapiga.

Kabla ya kulitumia tena

Futa mafuta yote ndani kwa kitambaa kikavu. Kisha, gobore likiwa tupu na ukiwa mahali salama pa kupigia, weka fataki moja, elekeza mdomo karibu na jani la nyasi ardhini, ufyatue. Jani likitikisika, njia iko wazi na mafuta yaliyobaki kwenye tundu yameungua. Lisipotikisika, fungua kifa, pitisha sindano, jaribu tena. Usimimine baruti hadi jani litikisike.