Rikavu au upinde mrefu: namna ya kuchagua upinde wa kwanza ukiwa Lubumbashi

Kiangazi kikianza, majani ya porini yakalala na njia zikaonekana, hapakosi mtu wa kunijia na simu mkononi. Mwaka huu wa kwanza alikuwa kijana wa Katuba. "Papa, nichukue huu ama ule?" Picha ya kwanza ilikuwa ya upinde mrefu, mti mtupu uliopinda kidogo tu. Ya pili ilikuwa rikavu, ule upinde ambao ncha zake zinageuka na kutazama mbele, kwa mlengwa. Sikumjibu. Nilimwambia anyooshe mikono, nikaenda kutafuta futi ya kushonea ya mke wangu.

Mimi nilianza kinyume. Nilipenda umbo kwanza. Niliagiza upinde mrefu wa ratili 50, yaani wa kuvutwa kwa nguvu ya karibu kilo 23, kupitia jamaa anayefanya safari za Afrika Kusini, ukavuka mpaka wa Kasumbalesa umeviringishwa ndani ya blanketi, na siku ulipofika nilialika majirani. Baada ya miezi miwili bega langu la kulia lilikuwa haliwezi hata kusonga bukari. Upinde haukuwa na kosa lolote. Haukuwa wangu, basi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mwili wako. Picha za kwenye simu zitafuata.

Hatua ya 1: Jicho

Fumbua macho yote mawili. Nyoosha mikono mbele, kutanisha viganja ubakishe tundu dogo katikati, kisha tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo. Sisi hapa tuna bahati ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, linaonekana karibu kila mahali mjini. Funga jicho la kushoto. Bomba likibaki ndani ya tundu, jicho lako kuu ni la kulia. Likikimbia, ni la kushoto.

Mwenye jicho kuu la kulia huvuta kamba kwa mkono wa kulia na kushika upinde kwa kushoto. Wauzaji wanauita huo upinde wa mkono wa kulia, yaani wanahesabu mkono unaovuta. Watu wengi wameagiza kinyume kwa sababu ya neno hilo moja.

Hatua ya 2: Urefu wa mvuto

Huu ni umbali kutoka kishikio hadi kamba ukishavuta mwisho. Simama ukigusa ukuta, nyoosha mikono pande zote mbili, mtu apime kutoka ncha ya kidole kirefu hadi ncha ya kidole kirefu cha upande wa pili. Gawa kwa 2.5. Kijana wangu alikuwa na sentimita 170. Ukigawa unapata 68, karibu inchi 27. Si hesabu ya daktari, lakini inatosha kuanzia.

Inchi hizo zina kazi mbili. Kwanza, zinakuambia urefu wa upinde wenyewe. Upinde mfupi ukivutwa sana, kamba yake inafanya pembe kali na kuminya vidole; pia mwishoni uzito unapanda ghafla, kama baiskeli iliyofika mlimani. Kwa mvuto wa inchi 26 hadi 28, mimi nashauri rikavu ya inchi 62 hadi 66, au upinde mrefu wa inchi 66 hadi 68. Upinde mrefu unahitaji urefu huo zaidi, kwa sababu hauna zile ncha za kujikunjua zinazolainisha mwisho wa mvuto.

Kazi ya pili ni ratili, na hapo tukae kidogo.

Hatua ya 3: Ratili

Namba iliyoandikwa kwenye upinde, tuseme 30 kwa 28, maana yake ni hii: ukivutwa inchi 28, vidole vyako vinashikilia ratili 30, karibu kilo 13.6. Ukivuta pungufu ya hapo, unashikilia pungufu. Kila inchi moja ni ratili 2 hadi 3 hivi. Kijana wa inchi 27 akishika upinde huo anavuta kama 27 au 28. Mtu wa mikono mirefu, wa inchi 30, atakuta anavuta 35 bila kuambiwa na mtu.

Mtu mzima anayeanza achukue kati ya 20 na 30. Najua hapa wanaume watacheka. Wanabeba gunia la makala, yaani mkaa, begani, wewe unawaambia ratili 25! Lakini kubeba gunia ni kazi ya mgongo na miguu. Kuvuta upinde ni kazi ya misuli midogo iliyo kati ya mabega, ambayo mtu wa kawaida haitumii sana. Ukizidiwa, unaanza kuvuta kwa mkono badala ya mgongo, bega linapanda sikioni, unaachia mshale kabla hujalenga ili tu upumzike. Tabia hiyo ikishaingia, kuitoa ni kazi ya mwaka.

Pinde ndefu za Waingereza zilizopatikana ndani ya meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa 1982, zinakadiriwa kuwa na mvuto wa ratili 100 na kuendelea. Watu hupenda kunitajia habari hiyo. Ninachowajibu ni kwamba wapiga mishale wale walianza wakiwa watoto, na katika mifupa iliyotolewa humo, mabega ya baadhi yao yalikuwa yamebadilika. Hayo mabega unayataka?

Kipimo changu ni rahisi. Azima upinde wa mtu. Vuta hadi kidole kiguse pembe ya mdomo, hesabu hadi kumi, rudisha polepole bila kuachia. Rudia mara tatu. Mkono ukitetemeka kabla ya saba, shuka ratili tano.

Hatua ya 4: Sasa umbo

Rikavu iliyofungwa kamba, kamba inalala juu ya zile ncha zilizogeuka. Ukivuta, ncha zinajikunjua. Ukiachia, zinajirudisha kwa nguvu. Kwa ratili zilezile, mshale wa rikavu kwa kawaida huondoka haraka zaidi na kuruka kwa mstari ulionyooka zaidi. Ndiyo sababu wapanda farasi wa Asia, Wamongolia na Waturuki, walijenga pinde za namna hiyo kwa mbao, pembe na mishipa ya wanyama: fupi za kutosha juu ya farasi, lakini zenye nguvu. Kishikio cha rikavu za leo ni kizito, chenye umbo la kukaa mkononi. Kiganja kinarudi palepale kila mara, na uzito ule unameza mtikisiko.

Upinde mrefu, kamba yake inagusa matawi, yaani zile sehemu mbili zinazopinda juu na chini ya kishikio, kwenye vishimo vya nchani tu. Ni mwepesi, unaubeba siku nzima porini bila kuukumbuka. Uko kimya, kwa kuwa hakuna kamba inayopiga tawi wakati wa kurudi. Matawi yake si mapana lakini ni manene, hayapotoki kirahisi. Lakini wepesi una bei: mshale ukitoka, upinde unakutikisa hadi kwenye kiwiko. Na kishikio chake mara nyingi kimenyooka, kiasi kwamba ukibadilisha kidogo namna ya kushika, mshale unakwenda kwingine. Rikavu inakushika mkono kama mtoto. Upinde mrefu unakuacha utembee mwenyewe.

Kuna tofauti nyingine ambayo picha haikuonyeshi. Rikavu nyingi zimekatwa dirisha hadi katikati ya kishikio, mshale unapita karibu na mstari wa kamba. Upinde mrefu wa asili haujakatwa hivyo. Mshale unaanza ukiwa umeelekea pembeni, inabidi upindepinde kama nyoka kuzunguka kishikio, ndipo unyooke. Hivyo unataka mshale mlaini zaidi. Mishale iliyonyooka kwenye rikavu ya rafiki yako inaweza kwenda upande kabisa kwenye upinde wako mrefu, ukadhani umelogwa.

Wazee wetu walijua umbo linafuata mahali. Waefe wa msitu wa Ituri huwinda kwa pinde fupi, kwani ndani ya msitu ule upinde mrefu ungenasa kila tawi. Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wako kwenye uwazi na miiba, nao hutumia pinde ndefu za kuvutwa kwa nguvu nyingi. Ukitaka kujua upinde gani unakufaa, uliza pia utasimama wapi.

Hatua ya 5: Mahali na mishale

Sisi tuna vichuguu. Kichuguu kirefu cha mchwa nyuma ya mlengwa ni ukuta wa bure, mshale hauendi mashambani kwa watu. Lakini ni kigumu kama tofali, na si ajabu, maana ndicho tunachofyatulia matofali. Usipige moja kwa moja. Chukua gunia la makala, lijaze nguo kuukuu na mifuko ya plastiki, ulikandamize mpaka lisibonyee, uliegemeze hapo. Anza kwa mita 8. Hakikisha hakuna njia ya watu wanaokwenda kuchota maji au kutafuta kuni.

Ukipenda kujichongea mishale ya mti na kubandika manyoya ya kuku kwa gundi, upinde mrefu utakufurahisha. Na hata kwenye mashindano ya kimataifa ya kundi hilo mishale lazima iwe ya mti. Ukitaka mishale ya kaboni inayofanana yote, rikavu inaipokea kwa usumbufu mdogo zaidi. Kwa upinde wowote kati ya hii miwili, kama mshale unakaa juu ya kishikio chenyewe, tumia manyoya halisi. Mabawa ya plastiki hayalali yakigusa mti, yanausukuma mshale kando. Na usitafute mshale mwepesi sana: chini ya nusu gramu kwa kila ratili ya upinde, nguvu inayobaki inarudi kwenye matawi na kuyapasua. Kuachia kamba bila mshale ni kosa hilohilo, kubwa zaidi. Wageni wote hupenda kufanya hivyo. Wanyang'anye upinde.

Jambo jingine la hapa kwetu. Usipite mtaani na upinde wazi. Watu wa mji huu wamewahi kuona mishale ambayo haikuwa ya mchezo. Mwarifu mkuu wa mtaa kabla hujaanza, na usiupeleke Upemba wala Kundelungu: hizo ni hifadhi za taifa.

Hatua ya 6: Kuagiza

Hapa ndipo wengi wanaamuliwa bila kujua. Rikavu ya vipande vitatu inafunguliwa kwa skrubu mbili, inaingia ndani ya begi la nguo. Upinde mrefu wa kipande kimoja ni karibu mita 1.7 za wasiwasi ndani ya basi. Halafu matawi ya rikavu yanabadilishwa. Unaanza na 25, bega likizoea unaagiza matawi ya 35, kishikio kilekile. Rikavu iitwayo Samick Sage, ya inchi 62, imefundisha watu wengi kwa njia hiyo. Upinde mrefu ukikuzidi au ukikupungukia, unauza na kununua mwingine, na Lubumbashi utamuuzia nani?

Ukifika, usiufunge kamba kwa kupitisha mguu katikati kama unavyoona kwenye video. Rikavu inaweza kupotoka tawi siku hiyohiyo. Pamoja na upinde, agiza ile kamba ya pembeni ya kuukunjia wakati wa kuufunga kamba yake. Ukishafunga, utazame kutoka nchani: kamba igawe kila tawi katikati. Pima kutoka kamba hadi shimo la kishikio: kwa kawaida sentimita 19 hadi 23 kwa rikavu, 15 hadi 19 kwa upinde mrefu, ingawa maneno ya mtengenezaji yanashinda yangu. Kamba ikiwa imelegea, isokote mizunguko michache zaidi.

Hatua ya 7: Kuuweka

Mwezi wa kumi usiuache ndani ya gari. Joto linalegeza gundi kati ya safu za tawi. Masika yakianza, ufute kila ukirudi. Upinde wa mti mtupu ufungue kamba kila unapomaliza, na usiuegemeze kwenye kona ya nyumba. Ulaze juu ya misumari miwili. Wafalme wa Waluba, ambao hadithi yao inaanzia kwa mwindaji Mbidi Kiluwe, walikuwa na vishikio vya pinde vilivyochongwa, vikatunzwa ndani na havikuonyeshwa hadharani. Misumari yangu haina heshima hiyo, lakini matawi hayajapinda.

Kijana wa Katuba aliagiza rikavu, matawi ya 25, ingawa macho yake yalibaki kwenye picha ya kwanza. Anakuja kwangu Jumamosi. Akimaliza mishale yake namwachia upinde mrefu wa ratili 35, ninaoutumia siku hizi, avute mara tatu na kuhesabu. Wiki iliyopita alifika sita.