Somo: Kushughulikia hitilafu katika skripti ya Python bila kuzificha

Nimekuwa nikiulizwa karibu kila wiki namna ya kuizuia skripti isikatike njiani, na jibu ni lile lile. Kwa hiyo naliandika hapa kwa ukamilifu, ili atakayeuliza tena aelekezwe kwenye somo hili.

Hatua ya 1. Endesha skripti bila kinga yoyote, kisha soma ujumbe wa hitilafu kuanzia mstari wa mwisho, ambako jina na sababu yake huandikwa.

Hatua ya 2. Weka ndani ya `try`, yaani sehemu ambayo hitilafu zake unaweza kuzinasa kwa `except` inayofuata, mistari ile tu inayoweza kushindwa.

Hatua ya 3. Itaje hitilafu kwa jina lake. Hapa ndipo wengi huharibu. `except:` tupu hunasa kila kitu, ikiwemo `KeyboardInterrupt` inayotokea unapobonyeza Ctrl+C, hivyo skripti iliyo ndani ya kitanzi (mistari inayojirudia) hukataa kusimama hata wewe mwenyewe ukiiamuru. `except Exception` haiinasi hiyo, lakini bado hunasa `NameError`, yaani jina ulilolikosea herufi, na kukufanya udhani kwamba faili ndiyo haipo. Onyo: ukiweka `pass`, yaani amri isiyofanya lolote, chini ya `except` hiyo, skripti itamaliza ikirudisha 0 kana kwamba imefaulu, na data yenye mapengo itapokelewa kama data kamili. Afadhali skripti ikatike na kukuonyesha mahali palipoharibika.

```
try:
    with open(njia, encoding="utf-8") as f:
        maandishi = f.read()
except FileNotFoundError:
    maandishi = ""
```

Mfano huu ni sahihi pale tu ambapo kukosekana kwa faili ni jambo la kawaida katika kazi yako.

Hatua ya 4. Hitilafu usiyoweza kuirekebisha, iandike kwenye logi (kumbukumbu ya matukio ya programu) kwa `logging.exception`, kisha weka `raise` peke yake ili iendelee kupanda hadi kwa msimbo ulioita sehemu hiyo.

Hatua ya 5. Kazi za kufunga na kusafisha ziweke katika `finally`, sehemu inayotekelezwa hitilafu itokee au isitokee, lakini usiweke `return` humo, kwa kuwa huifuta hitilafu iliyokuwa ikipanda. Toleo la 3.14 la mwaka 2025 hutoa onyo kuhusu jambo hilo.

Swali: Nimeweka `try` kila mahali lakini bado haifanyi kazi. Naomba msaada wa haraka.

Jibu: Soma hatua ya 2. Bila ujumbe wa hitilafu na mistari husika, hakuna la kukusaidia.

Swali: Nasoma faili nyingi kwa mfululizo, na sitaki moja mbovu izikwamishe nyingine. Je, hapo `except Exception` haifai?

Jibu: Inafaa, na nashukuru kwa kuuliza, kwa sababu hatua ya 3 haikuligusa hilo. Weka `try` ndani ya kitanzi, andika kwenye logi jina la kila faili iliyoshindwa, na mwishoni, kama ipo hata moja, maliza kwa `sys.exit(1)` ili programu iliyoiita skripti yako ijue.

Swali: Na mtandao ukikatika, nijaribu tena?

Jibu: Jaribu tena kwa `TimeoutError` na `ConnectionError`, ukiongeza muda wa kusubiri kila mara, ila tu kama ombi lenyewe linaweza kurudiwa bila madhara: muda kuisha si ushahidi kwamba seva haikulipokea.

Nyongeza ya mwanachama: Unapoandika faili, andika kwanza kwenye faili ya muda iliyo katika folda ile ile, kisha uibadilishe kwa `os.replace`; skripti ikikatika katikati ya kuandika, faili ya zamani itabaki nzima.