Jinsi ya kufuatilia historia ya jumba la Mji Mkongwe na nakshi zake

Mfano wangu ni Zahanati ya Zamani, lile jumba la roshani za mbao linalotazama bahari pale Mizingani, Unguja. Lako laweza kuwa dogo lisilo na jina, lakini njia ni hiyo hiyo.

1. Anza na jengo, karatasi zitafuata
Piga picha asubuhi au alasiri. Saa sita mchana nakshi hulala bapa, huoni patasi iliingia kiasi gani. Kando ya kila pambo andika ni mbao, chokaa au chuma. Kwenye Zahanati utakuta mbao zilizotobolewa kama lesi, mapambo ya chokaa ukutani na vioo vya rangi. Mkono wa Kihindi haujifichi.

2. Soma mlango
Hapa usiwe na haraka. Kizingiti cha juu kilichonyooka ni mtindo wa Kiarabu. Chenye tao lililojaa maua na majani kilienea baadaye, karne ya 19 ikielekea ukingoni. Tazama mfaa, ule mti wa katikati, kisha teremka na miimo, ile miti ya kando ya fremu: nakshi ya mnyororo pembeni, pengine ya samaki chini kabisa. Ukikuta mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97, ongeza 622. 1306 inakupa kama 1888.

Ila huo ni mwaka wa mlango, si wa nyumba! Milango huuzwa na kuhamishwa. Kagua fremu inapokutana na ukuta: saruji mpya katikati ya mawe na chokaa ya zamani inakwambia pamewahi kubomolewa.

3. Nyaraka
Nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, na uulizie kwa jina la mwenye nyumba. Jiwe la msingi la Zahanati liliwekwa 1887, mwaka wa jubilei ya Malkia Victoria, na tajiri Tharia Topan aliyekusudia iwe hospitali. Alifariki 1891 kazi haijaisha, mjane wake akaendeleza. Uzahanati ulikuja baada ya kuuzwa, 1900. Ukitafuta "zahanati" tu, Topan hutamwona.

Nyumba ya wakfu, ulizia Kamisheni ya Wakf. Na 1964 majumba mengi yalitaifishwa, kwa hiyo mfululizo wa wamiliki hukatika hapo.

Tafuta pia habari za ukarabati. Zahanati ilifanyiwa miaka ya 1990 na taasisi ya Aga Khan, basi usidhani kila ubao ni wa enzi za Topan.

4. Wazee wa barazani
Toa shikamoo, kaa, kahawa ipite. Swali la "ilijengwa lini" halizai kitu, uliza "ghorofa ya juu alikuwa akikaa nani?" Andika jibu kama lilivyotamkwa, pamoja na tarehe, kisha rudi Kilimani na hilo jina jipya.